Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Chama cha Wakulima Kando ya Mto Nyamwamba, Kasese, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Ada na deni la pampu atawasomea mweka hazina. Mimi naanza na mto, maana ndio uliotukutanisha.

Mwaka huu tuliletewa mchoro wa kalvati jipya, umeandikwa "mafuriko ya miaka 50". Mzee mmoja akaniuliza: mto ulitubomolea Mei 2013, ukarudi Mei 2020, hiyo hamsini wameitoa wapi? Swali la haki. Si kwamba mto ukishafurika unalala miaka 50. Kila mwaka, hata ule unaofuata mafuriko, kuna nafasi 2 kati ya 100 maji kufika kiwango kilichochorewa kalvati hilo au kukipita. Ukikaa hapo miaka 30, nafasi inakaribia 45 kati ya 100. Nilipopiga hesabu hiyo nilihamisha banda la mbuzi.

Kuhesabu huko kunataka vipimo vya mto vya miaka mingi, na kifaa chenyewe cha kupimia mara nyingi huchukuliwa na maji siku ile ile kinapohitajika. Ndiyo maana wataalamu hupitia kwenye mvua: wanachukua mvua kubwa zilizorekodiwa, wanaangalia mteremko, udongo na msitu, kisha modeli, yaani hesabu ya kuiga mwendo wa maji, inakadiria maji yatakayofika mtoni na kwa kasi gani. Mvua ya milimita 30 kwa saa juu ya kilomita 1 ya mraba, nusu ikinywewa na ardhi, inaleta takriban mita 4 za ujazo kila sekunde. Sasa fikirieni Rwenzori unakotoka mto wetu, mlima usiompa mtu muda wa kufunga mzigo.

Tulimuuliza aliyechora: mvua yenu mmeipima wapi? Akajibu, huku chini bondeni. Lakini inayotuumiza inanyesha juu! Modeli haiwezi kujua mvua ambayo hakuna aliyeipima. Tumeandika barua kutaka hesabu irudiwe; jibu bado.

Vipima mvua vyetu wenyewe vinasomwa saa tatu asubuhi, na wengi mmejitahidi. Lakini daftari moja lina sifuri wiki mbili mfululizo, na mwenyewe amekiri alikuwa msibani. Jamani, sifuri na "sikupima" si kitu kimoja. Usipopima, acha mstari wazi.

Bado hatuna msomaji upande wa juu, Kilembe. Aliye tayari ampe katibu jina lake kabla ya chai.