Mgeni Uhamiaji, mkaazi kwenye kodi

Mhariri,

Mimi ni Mkenya, mwalimu mstaafu, ninaishi Tororo, Uganda, karibu na binti yangu aliyeolewa huku. Pasi yangu ya mgeni ni ya miezi sita. Ikikaribia kuisha napanda bodaboda hadi Malaba, navuka, nanunua unga na sabuni upande wetu, narudi kugongewa muhuri mpya. Kijana wa dirishani ananiuliza kila mara, "Mzee, umekuja kutembea?" Nimjibu nini?

Sheria ya kodi ya Uganda haina swali hilo. Ukikaa siku 183 ndani ya miezi 12, wewe ni mkaazi, na mapato yako ya popote duniani yanaweza kuhesabiwa. Pensheni imesamehewa, nashukuru. Lakini pango la vyumba vyangu viwili vya kupangisha Kisumu lazima nilitangaze, na mwaka wao wa kodi unaisha Juni 30, si Desemba kama kwetu. Kodi niliyoilipa Kenya inapunguzwa kwenye ile ya Uganda, mradi nionyeshe risiti. Wazee wangapi wanatunza risiti?

Kenya ina kibali cha kuishi cha daraja K kwa wageni wenye kipato cha uhakika wasiofanya kazi. Madaraja ya vibali vya Uganda yanaanzia A na kukomea G: mkulima yumo, mfanyabiashara yumo, mmisionari yumo. Mstaafu hayumo.

Wabunge wetu wa Afrika Mashariki wakikutana Arusha, walizungumze hili la kibali cha wastaafu. Ada ya haki tutalipa.

Mwalimu mstaafu,
Tororo