Utaratibu wa kwaya kwa Siku Tatu Kuu za Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanakwaya.

Alhamisi Kuu jioni, katika Misa ya Karamu ya Bwana, kengele zitapigwa wakati wa wimbo wa Utukufu, kisha zitanyamaza hadi Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Katika muda huo kinanda kinaruhusiwa kusindikiza sauti tu, kwa hiyo mpiga kinanda wetu atuhurumie na vionjo vyake. Ngoma na kayamba zibaki kabatini.

Ijumaa Kuu hakuna Misa. Foleni ya kuabudu Msalaba huwa ndefu, na kurudia ubeti mmoja hadi waamini wachoke si sala. Tuandae nyimbo za kutosha.

Kazi kubwa ni Mkesha, utakaoanza saa 2 usiku, kwa kuwa haupaswi kuanza kabla ya giza kuingia. Paroko anataka masomo yote 7 ya Agano la Kale yasomwe, na kila moja lina wimbo wake wa katikati; ule wa Musa, baada ya somo la kuvuka Bahari ya Shamu, bado sauti ya tatu inaukosea. Aleluya, ambayo haijaimbwa Kwaresima nzima, itapanda mara tatu, kila mara juu zaidi, hivyo tusiianze kwa pupa.

Moto utabarikiwa nje, na baridi ya Iringa wakati wa mvua mnaijua: sweta ndani ya joho, na karatasi ngumu ya kukinga nta ya mshumaa. Mazoezi ni Jumanne, saa 10 jioni, kanisani.