Mhariri, kwenye chemsha bongo tuwekee na fumbo la mantiki, na dakika zake

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umri unaruhusu, kama hauruhusu basi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Ujiji, Kigoma mwisho wa reli, gazeti lako mara nyingi linanifikia likiwa limeshasomwa na kondakta na abiria wawili watatu lakini nalisoma lote. Naandika kuhusu ule ukurasa wa chemsha bongo. Yale maneno ya kujaza kwenye viboksi hayana shida, nayapenda, mke wangu nae anayapenda maana nikilirudia jioni nakuta kashayajaza kwa kalamu, ila naomba pembeni yake muwe mnatuwekea fumbo moja la mantiki kila wiki na muandike dakika za kulimaliza. Hizo dakika ndo ninazozitaka hasa.

Nieleze nimeyapatia wapi haya. Mwanzoni mwa 2024 nilipata wazo la kwenda kusoma sheria Marekani, usicheke. Hapa kwetu mtu anaingia sheria akitoka kidato cha sita na matokeo yake, wenzetu kule sheria wanaisoma ukiwa na digrii ya kwanza tayari, iwe ya hesabu iwe ya kilimo, na vyuo vingi vinataka mtihani unaitwa LSAT ambao alama zake zinaanzia 120 mpaka 180. Nikanunua kitabu cha mtumba cha mazoezi, kizito kama tofali. Ndani yake kuna sekisheni moja ya mafumbo ya mpangilio: mafumbo manne, maswali kama 23 hivi, dakika 35. Ukigawanya unapata dakika nane na sekunde 45 kwa fumbo moja, na hapo hujakuna kichwa.

Fumbo langu la kwanza nilitumia dakika 31. Mwalimu wa hesabu, miaka tisa kazini! Na maswali mawili nilikosa. Nilikaa pale mezani nikajiuliza hivi hawa watoto ninaowapigia kelele kwamba muda umeisha wekeni kalamu chini huwa wanajisikiaje.

Nikafanya kosa ambalo nadhani kila mtu analifanya, nikaanza kukimbia. Nasoma haraka, najibu haraka, nafuta, narudi kusoma kanuni upya, narudi tena, dakika zinaongezeka badala ya kupungua. Ilinichukua kama wiki sita kugundua kwamba muda ulikuwa hauliwi na maswali, ulikuwa unaliwa na kule kurudi rudi, kwa sababu mwanzoni sikuwa nimechora kitu cha maana. Acha nikuonyeshe kwa mfano wa hapa hapa, nimeutunga mwenyewe siku nimekaa mwaloni Kibirizi nasubiri dagaa.

Akina mama sita wako kwenye foleni ya kupimiwa dagaa: Asha, Bahati, Chiku, Dafroza, Eliza na Fatuma. Chiku yuko nyuma ya Bahati, wamefuatana, hamna mtu katikati. Asha kamtangulia Bahati. Dafroza yuko nyuma ya Chiku, karibu au mbali haijalishi. Eliza ni wa kwanza au wa mwisho. Basi. Swali: Fatuma akiwa wa tatu, nani anafunga foleni?

Watu sita wanaweza kupangwa kwa namna 720. Anayekimbia anaanza kujaribu jaribu, weka Asha hapa, hapana, weka pale, na ndo dakika zinapoondoka. Sasa wewe tulia kwanza dakika mbili nzima usiangalie hata swali, chora vistari sita, afu ziunganishe zile kanuni. Asha, halafu Bahati na Chiku kama pacha, halafu Dafroza: hao wanne tayari mpangilio wao unajulikana, ni mnyororo mmoja, haukatiki. Eliza ana sehemu mbili tu, mbele kabisa au nyuma kabisa, kwa hiyo chora picha mbili, moja Eliza mbele nyingine Eliza nyuma. Anabaki Fatuma peke yake anatangatanga, na hata yeye hawezi kuwaingilia pacha, kwa hiyo kwenye kila picha ana nafasi nne. Nne mara mbili, nane. Kutoka 720 mpaka nane na bado hujajibu swali hata moja! Ukirudi kwenye swali, Fatuma wa tatu, unaona ile picha ya Eliza nyuma haiwezekani kwa sababu Fatuma angewatenganisha Bahati na Chiku, inabaki Eliza, Asha, Fatuma, Bahati, Chiku, Dafroza. Anayefunga foleni ni Dafroza. Sekunde kumi.

Ujanja mwingine niliuokota njiani. Maswali yanayoanza na "kama fulani yuko pale" fanya mwanzo, maana kila moja linakuachia mchoro mzima ulio sahihi, na ukija kwenye lile la "nani anaweza kuwa wa tano" unachungulia tu michoro yako ya nyuma. Swali la kuchagua orodha ipi inakubalika usisome orodha moja moja, chukua kanuni moja upite nayo kwenye machaguo yote matano, inayovunja piga mstari, chukua kanuni ya pili. Ukishapata jibu ambalo una uhakika nalo ondoka, usikae kuyahakiki mengine manne kama mkaguzi wa hesabu za serikali. Na fumbo likikugomea liache, kule kukosa hakupunguzi alama, unajaza lolote unasonga.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kurudia fumbo lile lile. Leo unalifanya bila saa kabisa, hata ukikaa saa nzima, mpaka uelewe kila kitu kimetoka wapi. Kesho kutwa unalirudia na taima ya simu. Baada ya wiki tena. Watu watakwambia utakuwa unakumbuka majibu, wacha waseme, unachozoesha ni mkono kuchora bila kufikiria sana. Mwezi wa nne nilikuwa natumia dakika tisa, mengine nane.

Sasa cheko lenyewe ni hili. Nimekaa na kitabu changu miezi saba, nimekunja na kurasa, siku naingia kuangalia utaratibu wa kujisajili nakuta mafumbo yale yameshatolewa kwenye mtihani. Kuanzia Agosti 2024 hayamo, mara ya mwisho ilikuwa Juni, na walishatangaza tangu mwaka wa nyuma yake, mimi niko na tofali langu la mtumba sina habari. Siku hizi ni sekisheni mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, kila moja dakika 35. Kwa hiyo kama kuna msomaji wako anajiandaa na kitabu cha zamani aangalie kwanza kimechapwa lini, asije akala hasara kama yangu.

Niliumia, sikatai. Ila nilipojua sababu nikanyamaza. Kulikuwa na kijana asiyeona aliyelalamika mahakamani kwamba mafumbo yale yanataka mtu achore, na yeye hachori, na mwaka 2019 wakakubaliana kwamba sehemu ile itengenezwe upya, mwisho wake ikaondolewa. Nina mwanafunzi kidato cha pili anakaa dawati la mbele kabisa na bado ananiuliza, mwalimu hapo umeandika tatu au nane. Ningemwambiaje huyo.

Na miezi ile haikwenda bure. Sehemu ya hoja inataka kichwa kile kile. Chukua hii: mgambo akija, machinga wanakimbia. Ukikuta hawajakimbia, mgambo hajaja, hapo uko sawa. Ukikuta wamekimbia hujui kitu, pengine ni mvua. Nimewapa darasa langu hiyo, nusu wakaapa kwamba mgambo kaja. Na hawa hawa kesho watakaa kwenye usaili wa mchujo, mamia ya watu ukumbini na saa iko ukutani, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba dakika mbili za mwanzo unatakiwa kuzitumia kuchora.

Ndo maana naomba hilo fumbo, Mhariri. Kama shida ni mtungaji ninayo arobaini hapa, ya treni, ya mitumbwi, ya zamu za jikoni shuleni, nitatuma bure, majibu mtatoa toleo linalofuata. La kuanzia chukueni hilo hilo la dagaa ila badilisheni swali: Fatuma akiwa wa nne, aliyetangulia foleni ni nani? Mpe mwenzako wa dawati la michezo, mpimie sekunde thelathini.

Mwalimu wa hesabu,
Ujiji, Kigoma