Jiwe kuwaka si jiwe kutoa mafuta

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa kemia hapa Hoima na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mawe ya mafuta imenishinda kunyamazia. Mwandishi alizihesabu tani za mwamba kana kwamba ni mapipa, kisha akaweka picha ya bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, pwani ya Tanzania. Bomba lile la kilomita 1,443 ni la mafuta ghafi ya Tilenga na Kingfisher, miradi ya visima vya hapa Uganda, ambayo tayari ni mafuta. Limesanifiwa lipashwe joto kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi. Mwamba wa mafuta, yaani hayo mawe mliyoyaandika, ni kitu kingine. Ndani yake mna kerojeni, mabaki ya viumbe yaliyoganda, na hayawi mafuta mpaka mwamba upashwe joto pasipo hewa hadi nyuzi 500 za Selsiasi hivi.

Miaka mitatu iliyopita bwana mmoja alikuja kijijini kwetu na gunia la mawe meusi. Aliweka jiwe kwenye sigiri mbele ya watu, likashika moto, likatoa moshi wenye harufu ya mafuta ya taa, na watu wakapiga makofi. Mdogo wangu aliuza mitamba miwili akanunua alichoambiwa ni hisa. Niliomba kipande, nikakiponda, nikapima gramu 100 kwa mizani ya duka la dawa, nikazipasha moto ndani ya chombo kilichozibwa chenye mrija. Yalitangulia maji. Ikafuata gesi, nyingi tu. Mafuta yalikuwa utando wa kahawia kwenye kioo, hata kijiko hakijai. Nilipomwonyesha mdogo wangu aliniambia nina wivu, na mpaka leo hatuongei vizuri. Bwana yule hakusema uongo kwamba jiwe linawaka. Lakini kerojeni iliyotokana na mwani wa ziwani ina hidrojeni nyingi, karibu atomu 3 kwa kila 2 za kaboni, na sehemu yake kubwa hutoka ikiwa mafuta. Iliyotokana na miti na majani ya nchi kavu ina hidrojeni haba: kaboni hubaki jiweni kama mkaa, na kinachotoka zaidi ni gesi na maji. Zote mbili ukizitia kwenye sigiri zitawaka, na mtazamaji hataona tofauti. Hilo ndilo gazeti lenu lilipaswa kuwaambia watu, nanyi mkawaambia kinyume chake!

Tena kerojeni haikai peke yake. Unyevu hula joto kabla kazi haijaanza. Udongo wa mfinyanzi hula joto ukiachia maji yake, na chokaa hula zaidi moto ukiwa mkali. Huko Estonia, ambako mwamba huu umechimbwa kwa zaidi ya miaka 100 na ni miongoni mwa iliyo bora duniani, ule wanaouchoma katika vituo vya umeme vya Narva hutoa megajuli 8 au 9 kwa kilo. Kuni kavu hutoa kama 16. Kinachobaki ni milima ya majivu.

Na kuna hili la lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini kila mkutano wa mafuta niliohudhuria ulifanywa kwa Kiingereza, wazee wamekaa nyuma wakitazama picha ukutani. Mtu asiyeelezwa kwa lugha anayoielewa ataelezwa na mwenye gunia.

Ninaomba jambo moja. Msichapishe tena habari ya mawe ya mafuta bila kutaja lita ngapi za mafuta zilipatikana kwa tani moja katika kipimo cha Fischer: gramu 100 za mwamba uliopondwa, zikapashwa hadi nyuzi 500 na kuachwa hapo dakika 40. Ongezeni asilimia ya maji na ya majivu. Mistari mitatu inatosha, na iwe juu ya picha, si chini yake. Nafasi ikikosekana, ondoeni safu ya nyota ya Jumamosi. Anayeleta habari asipokuwa na tarakimu hizo, mrudisheni akazitafute.

Mwalimu mstaafu,
Hoima