Mheshimiwa Mwenyekiti, waziri na aje mwisho

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge inayochunguza gharama za maisha na ajira

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kamati yako imepewa kazi ya kuchunguza kupanda kwa gharama za maisha na ukosefu wa ajira. Hongera, na pole pia. Ratiba ya kamati za namna hii huwa tunaijua hata kabla haijatoka. Anaanza waziri na makatibu wake, wanafuata benki kuu na mamlaka ya mapato, halafu wenye viwanda na wafanyabiashara wakubwa. Baada ya hapo kuna ziara ya siku mbili tatu, na mwisho kabisa, muda ukiruhusu, wanaitwa "wadau wengine". Muda huwa hauruhusu. Ombi langu ni kwamba uigeuze ratiba hiyo, aliyezoea kuja kwanza aje mwisho.

Siombi hivyo kwa sababu ya huruma. Katika uchunguzi wowote, anayezungumza kwanza ndiye anayewapangia wengine maswali. Waziri akitangulia, ataweka mezani wastani wa mfumuko wa bei, na wajumbe watamaliza wiki zote zilizobaki wakibishana kuhusu wastani huo. Namba yenyewe ni halali. Lakini kapu la bidhaa linalotumika kuikokotoa lina mengi, kuanzia chakula hadi samani na burudani, na kila kitu kimepewa uzito wake. Mtu ambaye kipato chake chote kinaishia kwenye chakula, pango na nauli ana mfumuko wake wa bei, na pengine haufanani hata kidogo na ule uliotangazwa. Kamati ikimsikia huyo siku ya kwanza, mtakwimu atakapokuja ataulizwa swali la maana zaidi: bei zimepandaje kwa wenye kipato cha chini peke yao?

Mfano ninaoupenda ni wa zamani sana. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza liliunda kamati chini ya mbunge Michael Sadler kuchunguza kazi za watoto viwandani. Uchumi ule ulikuwa unasifiwa kila kona; viwanda vya nguo vilikuwa fahari ya nchi. Sadler akawaita wafanyakazi wenyewe na wazazi wao. Mmoja wao, Samuel Coulson, alikuwa na mabinti waliofanya kazi kiwandani. Aliulizwa maswali mafupi, moja baada ya jingine. Msimu wa kazi nyingi wanakwenda saa ngapi? Saa tisa usiku. Wanatoka saa ngapi? Saa nne usiku, au karibu saa nne na nusu. Wanapumzika kiasi gani? Robo saa ya kifungua kinywa, nusu saa ya chakula cha mchana, robo saa ya kunywa kitu. Kisha likaja swali la ujira. Kwa saa za kawaida ni shilingi 3 kwa wiki. Kwa saa hizo za msimu, shilingi 3 na peni 7 na nusu. Kwa hiyo kazi yote ile ya ziada iliwaongezea peni 7 na nusu tu? Ndiyo, basi. Na binti yake mkubwa aliponaswa kidole na gurudumu la mashine akalazwa hospitali wiki 5, je, mshahara aliendelea kulipwa? Ulisimamishwa pale pale ajali ilipotokea.

Tazama maswali hayo, Mheshimiwa. Hakuna hata moja linaloanza na "huoni kwamba" au "unalionaje suala la". Hakuna mjumbe aliyetumia dakika tano kujisikiliza mwenyewe ndipo aulize. Ni saa ngapi, kiasi gani, nani alilipa, baada ya hapo ikawaje. Kwa maswali ya aina hiyo, mzazi asiye na cheo chochote anaweza kutoa ushahidi ambao profesa wa uchumi hawezi kuupangua.

Najua utaniambia kamati ile ililaumiwa. Ni kweli. Wenye viwanda walilalamika kwamba upande wao haukusikilizwa, na wakafanikiwa kushinikiza iundwe tume ya pili. Hata tume hiyo haikuweza kukana kwamba watoto walikuwa wakifanyishwa kazi kupita kiasi, na sheria ya mwaka 1833 ikapiga marufuku kuwaajiri watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Lakini lawama ile ilikuwa na hoja ndani yake, nami siipuuzi. Wenzetu wa Tanzania nao waliionja. Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilisoma taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Alipokuwa anaaga aliwaambia wabunge kwamba kamati haikumpa nafasi ya kuhojiwa. Unaweza kuikubali taarifa ile neno kwa neno, kama mimi, na bado ukatamani wangemwita. Aliyeguswa na taarifa asiposikilizwa, mjadala unahama kutoka kwenye alichofanya na kwenda kwenye alichofanyiwa.

Ndiyo maana nasema waziri aje mwisho, sisemi asije. Aje akiwa na mambo ya kujibu. Vivyo hivyo wenye viwanda, mabenki na wenye majengo.

Na kabla hawajaja, karatasi zitangulie. Mwaka 1933 Kamati ya Benki ya Seneti ya Marekani ilimwajiri mwanasheria Ferdinand Pecora kuongoza mahojiano kuhusu anguko la soko la hisa. Nguvu yake ilikuwa nyaraka. Yeye na wasaidizi wake walipekua vitabu vya mabenki kwanza, ndipo wakawaita wenye mabenki hayo. J. P. Morgan mdogo, mkuu wa benki yenye jina hilo, alipoketi kwenye kiti cha shahidi, ikabainika kwamba yeye na wabia wake hawakulipa kodi ya mapato hata senti kwa mwaka 1931 na 1932. Halikuwa kosa la jinai. Hasara za kwenye hisa ziliwaruhusu kisheria. Hapo ndipo penye uzito wa kamati ya Bunge kuliko mahakama: mahakama huuliza nani amevunja sheria, kamati inaweza kuuliza kwa nini sheria yenyewe iko hivyo. Sheria za kudhibiti mabenki na uuzaji wa hisa zilipitishwa kuanzia mwaka huo huo.

Kumbuka pia kilichoonekana magazetini kutoka kwenye mahojiano yale. Asubuhi moja ya Juni, wakala wa matangazo wa kampuni ya sarakasi alimpakatisha Morgan msanii mmoja mwenye kimo kifupi sana, wapiga picha wakapiga. Picha ile ilizunguka dunia. Kamera zikiwa ukumbini, daima kutakuwa na anayetaka kuzichezea, na mara nyingine anayetaka ni mjumbe wa kamati. Sisi wananchi tunapenda vikao vioneshwe moja kwa moja, na tuna haki hiyo. Ila mjumbe anayempigia mezani shahidi ili klipu yake isambae jioni ametumia dakika zake kumi na hakupata hata jibu moja. Mpe karipio, Mheshimiwa. Una madaraka hayo.

Sasa niseme kuhusu majibu, maana hapa ndipo kamati nyingi zinapoachia. Watendaji wa Serikali wana lugha yao mbele ya kamati. "Tumelipokea." "Tunalifanyia kazi." "Mchakato unaendelea." "Suala hili ni mtambuka." Ukisoma kumbukumbu za vikao utakuta mjumbe ameuliza vizuri kabisa, akajibiwa kwamba mchakato unaendelea, naye akasema ahsante. Ahsante ya nini? Swali la pili lingekuwa: ulianza lini, uko hatua gani leo, nani ameushika, na karatasi ya mwisho iliyoandikwa juu yake ina tarehe gani? Katika ukumbi mzima wa Bunge swali la pili haliwezekani, kwani Spika ana orodha ndefu na saa inakimbia. Kwenye kamati linawezekana, na la tatu na la nne pia. Wajumbe ni wachache, meza ni moja, shahidi hana pa kwenda. Kamati isiyouliza swali la pili imejigeuza kuwa Bunge dogo lenye posho.

Madaraka ya kudai majibu mnayo. Ibara ya 125 ya Katiba ya Kenya, kwa mfano, inazipa kamati mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuwalazimisha mashahidi kufika, kuwahoji chini ya kiapo na kudai nyaraka. Mabunge mengine yana vifungu vinavyokaribiana na hicho kwenye sheria au kanuni zao. Kinachokosekana mara nyingi ni mwenyekiti aliye tayari kuvitumia kwa mtu wa chama chake. Uingereza, Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoundwa mwaka 1861 huongozwa na mbunge wa upinzani, na mwaka 2010 wabunge walianza kuwachagua wenyeviti wengi wa kamati kwa kura ya siri, jambo lililowapunguzia viongozi wa vyama uwezo wa kuwapanga. Sijui wewe ulipatikanaje, na kwa leo si hoja yangu. Lakini wajumbe wako watakuangalia siku utakapomwita kigogo wa kwanza.

Kuhusu maoni ya wananchi nina machache. Tangazo la kuomba maoni likitolewa Ijumaa na mwisho wa kupokea ukawa Jumatatu, hilo si tangazo. Muswada wa kurasa mia mbili ukiwekwa kwenye tovuti kwa lugha ya mawakili, anayeupinga anaambiwa hakuusoma. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria za afya zilizokwisha kupitishwa kwa sababu Baraza la Mikoa, ambalo ni sehemu ya Bunge, halikuwashirikisha wananchi ipasavyo, kwa hiyo hili halipaswi kuchukuliwa kama fadhila. Halafu kuna usalama wa shahidi. Kibarua anayekuja kueleza jinsi alivyokatwa mshahara anarudi kesho yake kwa mwajiri yule yule. Kikao cha faragha kipo kwenye kanuni. Kwa kawaida hutumika kuwasitiri wakubwa. Kitumike na kwa huyu.

Nimalizie na taarifa yenyewe, kwa sababu nyingi zinaishia kabatini. Mwaka 2016 kampuni ya maduka ya BHS ilianguka Uingereza, watu wapatao 11,000 wakapoteza kazi na mfuko wa pensheni ukakutwa na pengo la pauni milioni 571. Mmiliki wa zamani, Philip Green, alikuwa ameiuza kwa pauni 1 mwaka mmoja kabla. Kamati mbili, ya ajira na pensheni na ile ya biashara, ziliungana kuhoji. Zilitoa taarifa kali Julai mwaka huo, na hazikuacha hapo. Mwenyekiti wa ile ya ajira na pensheni, Frank Field, aliendelea kumwandama Green hadharani, huku mdhibiti wa pensheni akimbana kwa upande wake. Februari 2017 Green alikubali kutoa hadi pauni milioni 363 kuokoa mfuko huo. Kazi zenyewe hazikurudi, na maduka yalifungwa. Lakini wastaafu walipata kitu, na walikipata miezi saba baada ya taarifa kusomwa.

Miezi hiyo saba ndiyo ninayokuomba uipange sasa hivi, kabla kikao cha kwanza hakijafunguliwa. Mapendekezo yako yasiandikwe "Serikali ihakikishe" au "mamlaka husika zichukue hatua stahiki", maana huwezi kumrudia mtu ukamwuliza kama amehakikisha. Yaandikwe ofisi gani ifanye nini, kufikia lini, na kwa fedha za fungu lipi. Kule Uingereza Serikali hutarajiwa kuijibu taarifa ya kamati ndani ya miezi miwili, pendekezo kwa pendekezo, hata kama jibu ni hapana. Hapana iliyoandikwa inapingika. Kisha tangaza mapema tarehe ya kikao cha kufuatilia, na ukiweke kwenye ratiba ile ile utakayotoa wiki ijayo, ili waziri ajue kwamba anakuja mara mbili.

Maoni yangu kamili kuhusu pango na nauli nimeyakabidhi kwa katibu wa kamati. Nikiitwa nitakuja, na gharama nitajilipia.

Wasalaam,
Mpiga kura