Usikope bado, Mama Kulwa

Mwanza, Jumapili jioni

Mama Kulwa mpenzi,

Mwangaluka! Najua ni salamu ya asubuhi na utaisoma usiku, lakini salamu ni salamu. Huku ni mhola tu, salama. Watoto wazima, baba yao yuko Ukerewe tangu Alhamisi, mvua ya juzi iliporomosha mawe nyuma ya nyumba ya jirani ila hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Na pole na msiba wa shangazi, nilipata habari nikiwa nimeshachelewa, nitakuja kukupa pole kwa mdomo.

Nilipanga kukuandikia mwisho wa mwezi. Lakini jana nimekutana na Mama Rehema pale Mwaloni akichagua dagaa, akanieleza kwamba unachukua mkopo kikoba, milioni mbili, ununue kompyuta mpya mbili za steshenari, kwa sababu fundi kakwambia za zamani zimeisha muda. Usiku sikulala vizuri. Nakuomba kama dada yako: usikope bado. Nisome kwanza mpaka mwisho.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10. Tundu jipya la usalama likionekana, halizibwi tena kama zamani. Hilo ni kweli na si la kupuuza, hasa kwetu tunaopokea fleshi za kila mtu. Lakini mashine yenyewe haijafa. Inakataa Windows 11 kwa sababu Windows 11 inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kama ni Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zako ni Core i5 za kizazi cha 6. Nazikumbuka, tulizinunua wote Makoroboi na kuzivusha kwa kivuko tukiwa tumezikumbatia kama watoto. Fundi hakukudanganya. Alikupa nusu ya habari.

Mimi zangu mbili nilizipiga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, yapata miezi mitano sasa. Ni toleo la 22, ambalo litapata matengenezo mpaka 2029. Ile yenye RAM ya GB 4 nimeiwekea Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Yenye GB 8 nimeiwekea ya Cinnamon. Nilichonunua ni SSD tu, diski ya kasi, moja kila mashine, na hiyo peke yake imezifanya ziwake kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka. Ya tatu nimeiacha na Windows yake, nimeikata intaneti kabisa. Sababu nitakueleza, ipo kwenye kadi.

Sasa, kupiga Linux si kazi. Nusu saa umemaliza. Kazi iko kwenye kuchagua programu utakazozifungua kila asubuhi mteja akiwa amesimama mbele yako, na hapo ndipo nilipoumia mimi. Sitaki uumie wewe.

Mint inakuja na LibreOffice ndani, programu za bure za ofisi mfano wa Word na Excel. Nikasema basi, yametimia. Wiki ya kwanza akaja binti wa chuo kutoka Malimbe na ripoti yake ya utafiti, kurasa 62, ameichapa kwa Calibri. Naifungua, kurasa 66. Yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 31, sura yenyewe imekaa wa 34. Majedwali yamekatika katikati. Msimamizi anamsubiri saa nane mchana, na binti machozi yanamlengalenga. Nilimrudishia fleshi yake nikamwelekeza duka la jirani. Iliniuma sana, maana yule ni mteja tangu mwaka wa kwanza.

Nikadhani programu ni mbovu. Kumbe ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo kwenye Linux, na Carlito haikuwemo kwenye mashine yangu. Kompyuta ikachukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, mstari ukasukuma mstari, ukurasa ukasukuma ukurasa. Dawa ipo na ni ya bure. Carlito ina upana uleule wa Calibri, herufi kwa herufi. Caladea ndiyo ya Cambria. Liberation Serif ndiyo ya Times New Roman. Wafikirie mapacha wako Kulwa na Doto: ukiwatazama usoni unawatofautisha, lakini gauni la mmoja linamkaa mwenzake bila kupunguza popote. Niliziweka jioni ileile, nikaifungua tena nakala ya ripoti ya yule binti iliyobaki kwenye mashine. Kurasa 62. Nilimpigia simu kumwomba radhi.

Kwa hiyo, Mama Kulwa, kabla hujabonyeza kitu kingine, weka fonti. Kila anayekusifia Linux atakuhadithia wepesi na virusi. Fonti hakuna aliyenitajia.

Baadaye nikaongeza OnlyOffice. Hii imejengwa kwa ajili ya mafaili ya docx na xlsx, yaani ya Word na Excel, na sura yake ya juu imekaa kama ya Word. Yule kijana wangu wa dukani aliifungua akaanza kazi bila kuuliza. Kwa hiyo sasa tuna utaratibu: faili la mteja linaloingia na kutoka, OnlyOffice. Kazi tunayoianza sisi wenyewe, LibreOffice. Usije ukanunua ugomvi wa ipi ni bora, ziweke zote mbili, zinakaa pamoja vizuri. Ila ukipakua OnlyOffice chukua ile ya deb kutoka kwenye tovuti yao. Ile ya Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha, inaburuta na vitu vingine vingi nyuma yake, bando litakwisha unalitazama.

Na kwenye LibreOffice ingia kwenye mipangilio, uiambie ihifadhi kwa docx siku zote. Yenyewe ikiachwa inahifadhi kwa odt, aina yake yenyewe ya faili, na mwalimu mmoja wa Pasiansi alifika nyumbani, faili likagoma kwenye simu yake. Akarudi na daladala mbili kwa ajili ya barua ya nusu ukurasa.

Kwa nini basi naishikilia LibreOffice? Kwa Kiswahili. Wewe na mimi tunachapa nini? Mihtasari ya vikao, mikataba ya viwanja, barua za serikali ya mtaa, katiba za vikundi. Miaka yote Word kwenye mashine zetu ilikuwa inapigia kila neno mstari mwekundu mpaka jicho linazoea na kosa lenyewe hulioni. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania; ukitafuta kifurushi kinaitwa hunspell-sw. Unaweka, unachagua lugha, na mistari myekundu inabaki kwenye makosa na majina ya watu. Majina yetu ya Kisukuma haiyajui, unayaongeza mwenyewe. Juzi imenikamata nimeandika “mmilki” kwenye mkataba wa kiwanja. Sentensi yenye pesa za mtu! Unajua kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili? LibreOffice ilichipuka kutoka kwenye OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Tulikuwa tayari tunachapa wakati huo, na hakuna aliyetuambia.

Haya, kadi. Najua ndizo zinazokulisha, na najua zote ziko Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kadi.

Nitakwambia ukweli mchungu. Publisher haiendi Linux, na hata ukibaki Windows, Microsoft yenyewe imeshatangaza kuikomesha Oktoba 2026. Draw, sehemu ya LibreOffice ya kuchora, inafungua mafaili ya pub, yaani ya Publisher, ndiyo, nimejaribu na kadi zangu za send-off. Maandishi yanakuja, picha zinakuja, lakini fremu zinahama na mapambo mengine yanapotea. Jina la bibi harusi lilikaa juu ya ua. Usitegemee kuziokoa hivyo. Mimi ile mashine ya tatu nimeiachia kazi hiyo: nafungua kadi ya zamani, naitoa PDF, naitazama pembeni huku naijenga upya. Nimejenga saba, zile zinazoombwa kila mwezi. Zilizobaki nimeziacha zilale.

Na nimezijenga kwenye Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuchapa, badala ya Draw, kwa sababu ya majina. Kumbuka tulivyokuwa tunakesha, kadi 280 za michango, jina moja moja, Bw. na Bi. fulani, unakosea moja unarudia kuprinti! Sasa majina nayapanga Calc, ile ya majedwali, safu ya jina na safu ya ahadi, naiunganisha na kadi, zinatoka zote kwa mpigo kila moja na jina lake. Word nayo ilikuwa na kitu hicho, ila sisi tulikazana na Publisher tukipachika kwa mkono. Kwa kadi hizi tu, hata nisingepata kingine, ningebaki Linux.

Mengine ni mepesi. Maombi ya mikopo ya wanafunzi HESLB, Ajira Portal, vyeti vya kuzaliwa RITA, yote ni kivinjari, na Firefox imo tayari. Vile virusi vya fleshi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato, kwenye Mint folda unaliona palepale na ile njia ya mkato haifanyi kitu. Wateja wanadhani nimewaponyea fleshi. Ila usinakili takataka hizo kuzipeleka mashine yenye Windows, huko zitaamka. Picha za pasipoti tunafanyia GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, na hapo sikufichi: ni nzuri lakini si ya haraka, kijana alichukua wiki mbili kuzoea kubadili rangi ya nyuma. Anza kuizoea siku isiyo na foleni.

Kinachonitia hofu kwako ni printa. Yangu ya wino wa chupa ilijulikana yenyewe, kuprinti na kuskani, bila CD. Ile ndogo ya leza iligoma, nikahangaika siku tatu, mwishowe nimeiunganisha kwenye mashine ya Windows na ipo huko mpaka leo. Uzuri ni kwamba Mint inawaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Fleshi ya GB 8 inatosha. Unaiwasha hivyo, unachomeka printa, unaprinti, unafungua mafaili matano ya wateja wako ya kweli, unaona. Ikikataa unazima, Windows yako iko palepale. Usimruhusu fundi akufutie chochote kabla ya hapo, na asifute kabla hujanakili mafaili yote mahali pawili.

Narudi kwenye mkopo. Milioni mbili na riba, na msimu wa shule ndio huo umepita, utalipa kwa nini? Na ukishakopa kwa ajili ya mashine, Publisher inakufa vilevile, kadi utazijenga upya vilevile. Kama kikoba wameshakuandika, ongea na mweka hazina, mwambie unaomba wakati. Mama Rehema anasema mkutano ni Jumatano. Ndiyo maana nakimbilia kuandika leo.

Sasa nijibu, tena usinijibu kwa “sawa dada”. Printa yako ya leza ni ipi, jina na namba iliyoandikwa mbele? RAM ni GB 4 zote mbili, au moja uliongeza? Unazo kadi ngapi za pub ambazo wateja wanazirudia kweli? Lile daftari la Excel la mzee wa ushirika, lina vile vitufe vya macro, vinavyofanya kazi nyingi kwa kubonyeza mara moja? Maana hivyo LibreOffice inavijua nusunusu, ni lazima tulijaribu kabla. Kulwa bado anataka kusomea kompyuta au amehamia unesi? Na wewe mgongo unaendeleaje?

Jumamosi nafunga saa saba. Daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna tena kungoja kivuko nusu siku, njoo na mashine moja na hiyo printa, ulale kwangu. Fleshi ya Mint nimeshakutengenezea, na fonti nimezitia kwenye folda yake pembeni, usizisahau hata kama hutakuja.

Wabeja, mama.

Mimi wako,
Mama Neema

Mama Rehema hakuniambia kwa umbea. Alikuwa na wasiwasi na wewe, usimnunie.