Amani ya Burundi na shamba la baba

Ndugu Mhariri,

Sisi wa Kasulu siasa za Burundi tunazijua kwa watu wanaovuka mpaka: 1972 wakati wa mauaji makubwa, 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, tena 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu. Mkataba wa amani ya Burundi uliosainiwa Arusha Agosti 2000, ulioanzia mikononi mwa Mwalimu Nyerere ukamaliziwa na Mandela, uligusa hata ardhi za wakimbizi. Lakini anayerudi akakuta mwingine analima shamba la baba yake, miaka nenda rudi, aende wapi? Wengine huvuka tena kuja kwetu (nasi tunagombana nao kuni). Magazeti huandika uchaguzi wa Burundi. Hayo mashamba je?

Msomaji,
Kasulu, Kigoma